Mistari Chini ya Kucha

Alhamisi, Rwamishenye. Mvua tangu alfajiri, na mimi nacheka peke yangu jikoni.

Wiki nzima sikucheka. Ijumaa iliyopita niliona mistari myembamba ya damu chini ya kucha za vidole gumba, kama vijiti vilivyoingia. Nikasugua kwa limao, haikutoka. Mtandaoni nikasoma kwamba wakati mwingine ni dalili ya maambukizi kwenye moyo.

Mama yangu alikufa kwa moyo.

Nakiri: nilipaka kucha rangi nyekundu ili mume wangu, Deo, asione. Akanisifia. Nikajiona mnafiki.

Leo nimekwenda hospitali mjini. Muuguzi kanirudisha kwanza saluni nikatoe rangi. Daktari, mgeni mkoani, kaniuliza kama nina homa, kama moyo unakwenda mbio, kama vidole vimefanya kazi nzito. Nikajibu hapana kwa yote. Kausikiliza moyo wangu muda mrefu mno, kisha akaagiza vipimo vya damu na picha ya moyo.

Muuguzi yule, mama wa makamo kutoka Rubafu, alipokuja kunitoa damu aliitazama mikono yangu. Kabla ya kuvaa glovu akaweka kidole gumba chake kando ya changu. Mistari ileile.

"Waitu, ndugu yangu, umenyonyoa senene ndoo ngapi?"

Tatu. Kwa mama mkwe, Muleba, wikiendi nzima kabla ya mistari kutokea, nikichomoa mabawa na miguu ya panzi hao wa kuliwa, nikitaka aone kwamba mkwe wa mjini naye anaweza. Daktari alipouliza kuhusu kazi, haikunijia kabisa. Nani huku kwetu huita senene kazi?

Daktari alipoelezwa kacheka, lakini vipimo hakuvifuta. Jioni majibu yametoka: moyo mzima, damu haina tatizo. Mistari itasogea na kucha mpaka ikatwe. Kasema nimefanya vyema kuja, na ikitokea mingine bila senene, au nikipata homa, nirudi siku hiyohiyo.

Nimemweleza Deo kila kitu, hata ile rangi. Yeye hakucheka. Ameishika mikono yangu, akasema, "Siku nyingine tuogope wote wawili."

Hapo ndipo nilipolia kidogo.

Sasa hivi mama mkwe kapiga simu: senene wameanguka tena, Jumamosi twende. Nimemwambia tunakuja, na ndoo ya kwanza ni ya Deo.