Mukaba wa Baba

Siku ya posho (Jumamosi), magaribi

Tangu jana nilikuwa naficha ule mukaba nyuma ya gunia ya mihogo. Ni mukaba wa ngozi ambao baba alikuwa ananolea wembe yake ya kukunja. Tulipokimbia Pweto tulivuka ziwa mpaka huku Nchelenge na nguo za mwilini tu, na ule mukaba.

Tangu macho yake yalipokufa, mimi ndiye ninamunyoa. Lakini kazi yangu ni ya kunyoa watu na mashine, pale karibu na soko ya samaki. Wembe sijazoea. Ukiinoa, ukifika mwisho wa mukaba, unapashwa kuigeuza na mugongo wake. Jana niliigeuza na makali, ikaingia ndani ya ngozi ya mukaba, ikaikata.

Leo asubui nimezunguka Nchelenge yote nikitafuta mukaba mwingine. Mwenye kuuza mikaba akaapa ni ngozi ya ng'ombe. Nikainusa: plastiki. Nikaukunja mumoja, rangi ikabanduka. Bon, nikaununua tu. Uoga.

Nikamupa baba ule mupya; akapitisha kidole mara moja.

"Hii ni nini? Leta yangu."

Nikaleta. Kidole kikatembea polepole juu ya ngozi, kikasimama pale penye kukatika.

"Uligeuza na makali."

"Ndiyo, baba."

Kidole kikaendelea kushuka. Afazali angenitukana.

"Huku chini bado iko nzima," akasema. "Nolea huku."

Nikanoa, yeye anasikiliza kila mupigo. Kisha akainua kidevu, akaniachia shingo.