Nilikata Mabomba Yako, Anaeli

Anaeli, ndugu yangu,

Nimeyakata. Yale mabomba manne ya shaba uliyoyagonga mwenyewe gereji kwako Ngarenaro, ukayapanua midomo kama tarumbeta za kanisani, ili injini ya gari lako la zamani la mashindano ivute hewa. Mkeo, Mama Neema, alinikabidhi ufunguo nilitunze gari. Mimi nikayabana mabomba kwenye jiriwa, nikashika msumeno. Udongo wa kaburi lako haujashuka bado.

Unajua kwa nini. Miaka yote nilikuambia: bomba fupi, mbio ni mbio, injini ikizunguka kwa kasi haitaki hewa ipitie safari ndefu. Na wewe: "Hewa ina mwendo wake. Ipe njia ndefu, itaingia ikijisukuma yenyewe. Sisi tunapanda mlima, bwana, haturuki na ndege." Nikakuletea vitabu. Ukavisogeza pembeni, ukaendelea kugonga shaba. Niliuchukia ule ukimya kuliko hoja yako.

Basi ulipoondoka nikaona nafasi. Nafasi! Mimi mwandishi, ninayewachachafya wakubwa magazetini kwa kosa la kuwasemea marehemu wasioweza kujibu.

Siku ya kumaliza msiba, Mama Neema aliomba gari lako liwatangulie watu kutoka Sekei hadi kwenu mlimani. Niliendesha mimi, yeye pembeni yangu. Kwenye tambarare lilinguruma hadi watoto wakatoka nje, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nakuambia, "Umeona?" Tukaanza mwinuko wa migombani. Mwendo ukapungua, injini ikakosa pumzi, ikakohoa, ikazima. Nikawasha. Ikazima tena. Wajomba zako wakashuka kusukuma, suti na tope. Mmoja akapaza sauti nyuma: "Mwandishi! Liandikie makala, labda litapanda!"

Walicheka. Mama Neema hakucheka. Alishuka, akafungua boneti, akavitazama vile visiki vya shaba. Amekaa nawe gereji miaka mingapi? Hakuhitaji kuelezwa.

"Shemeji," akasema, taratibu tu, "hata mtu akishakufa lazima umshinde?"

Nilishika usukani kama mtoto aliyefumaniwa, nikasukumwa na ukoo wako hadi getini.

Vipande nilivyokata ninavyo. Fundi mmoja wa Themi anasema vitaungika, ila kovu litaonekana. Nimemwambia aliache lionekane, asilisugue. Nitamwomba mkeo radhi mbele ya wajomba wale wale. Kisha nitalipandisha gari hadi kwenu, kwa urefu wa bomba ulioutaka wewe. Akikubali kukaa pembeni yangu, nitashukuru. Akikataa, nitapanda peke yangu, na kiti chake kitakuwa kitupu kwa haki.

Pumzika, Anaeli. Kwenye siasa bado nitakubishia, unanijua. Hili umeshinda. Kinachonila ni kwamba nimekukubalia siku ambayo huwezi tena kunitania.

Ndugu yako mbishi