Mashuka ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini kifua kimekuachia na watoto hawajambo. Mimi nipo, nasukuma siku. Afya ninayo, usingizi ndio umenisusa.

Barua yako nimeipata. Kumbe habari za mzuka wa Mama zimekufikia hata huko. Ni kweli, hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hakuna mazungumzo mengine. Tangu tumzike, kila asubuhi tunakuta mashuka ya wodi ya wazazi yamekunjwa kwa mkunjo wake: mara tatu, kona zimeingizwa ndani. Unajua alivyokuwa, hakumfundisha mtu.

Mpiga pasi ameshikilia kwamba mzuka ni marehemu aliyeacha kazi njiani. Dereva wa gari la mashuka akamcheka, akasema kama ni hivyo, kwa uvivu wetu sote tutarudi. Msimamizi anasema mzuka ni uchovu tu, hakuna kitu kama hicho, ila naye siku hizi anabisha hodi kabla ya kuingia.

Ningekuacha uamini. Lakini umeandika kwamba umeomba likizo, unakuja kuketi pale chumba cha kufulia umwombe Mama radhi kwa kutofika mazikoni, na usipofanya hivyo moyo wako hautatulia. Hapo nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekutendea ubaya.

Dada, ni mimi. Ufunguo ninao, naingia kabla ya wenzangu. Mkunjo ule niliuiba kwa macho tangu utotoni. Siku ile alipoanguka, aliniita nimpokee rundo la mashuka. Nilimsikia. Tulikuwa tumenuniana tangu nyumbani, nikajifanya kelele za mashine zimenizidi. Nilipogeuka, alikuwa sakafuni. Kesho yake baada ya mazishi niliyakunja yale aliyoyaacha, na tangu hapo nimeshindwa kuacha.

Jumatatu niliacha makusudi. Niliyaacha mashuka vilevile, nikakaa kwenye stuli yake, nione kama atakuja mwenyewe. Nilimtaka sana, dada. Hakuja. Mpiga pasi alipoingia akaliona lile rundo, akalia, akasema sasa Mama ametuacha kweli.

Likizo yako usiifute. Njoo, lakini pale chumbani hutamkuta mtu zaidi yangu. Shemeji mpe mkono, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, niliyemsikia.