Alama za Mikono

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Wa mwisho! Kati ya shule kumi na mbili, sisi huku Mtwara, upande wa Ziwani, ndio wa mwisho kwa alama za mikono!

Dokta Jesca amekuja tena, yule wa utafiti wa usafi wa watoto na magonjwa ya virusi – mafua, kuharisha. Msaidizi wake, Brian, hukagua mikono kwa macho na kuingiza alama kwenye kishikwambi, sifuri hadi tatu. Watoto wangu wengi: sifuri. Lakini kwa mahudhurio ni wa kwanza. Hawaugui! Jesca akalifunga daftari langu la mahudhurio taratibu. Akasema, Mwalimu Yustina, hesabu hizi hazikai pamoja.

Yaani nimepika. Mimi! Mwalimu wa afya, niliyewaandikia wahariri barua kumi na nne kuhusu takwimu za kupikwa!

Mambo yasiponyooka kufikia Jumanne ya wiki ijayo, shule inatolewa kwenye utafiti. Tangi la maji walilotufungia na mabomba yake sita vinahamia kwingine. Kabla ya tangi tulikuwa na ndoo moja. Watoto mia tatu na kumi, ndoo moja.

Nimewapanga mstari. Nimetoa tisa wenye mikono myeusi. Somoe wa darasa la nne nimemrudisha bombani mara tatu. Mwalimu, nimenawa. Nawa tena! Akanawa tena.

Jumanne, 8 Oktoba

Rasimu ya barua kwa mhariri, kurasa sita. Nalilipua dodoso lao. Aliyeandika "Baada ya kujisaidia unafanya nini?" hajawahi kuzungumza na mtoto ambaye Kiswahili amekikuta shuleni, nyumbani ni Kimakonde. Faraji wa darasa la pili kamjibu Brian: nikishajisaidia, namsaidia na bibi. Brian akajaza "hanawi". Ha!

Danieli karudi kutoka bandarini, kaisoma akiwa bado amevaa kofia ya kazi. Mama Glory, kasema, barua hii ina alama za mshangao nyingi kuliko watu wa Mtwara. Mume huyu!

Alhamisi, 10 Oktoba

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilikwenda kwa kina Somoe kugomba. Nilitaka kumsuta bibi yake, Bibi Hawa, anayemwacha mjukuu achafuke hivyo. Hotuba nilikuwa nayo, yenye vifungu vitatu.

Nikamkuta uani anachoma korosho kwenye bati, moshi unawasha macho. Karibu mwanangu, kaa. Nami nikakaa – huwezi kumgombeza aliyekaa wewe umesimama. Nikapewa jiwe na rundo langu. Nikabangua, nikala, nikabangua, nikala. Tamu! Kifungu cha kwanza kikanipotea, cha pili sikukitafuta.

Kisha nikaomba maji. Sabuni ya mche mara moja, mbili, nne. Vidole vyeusi vilevile! Nikasugua kwa mchanga. Bibi Hawa akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Hiyo si taka, Mwalimu, hayo mafuta ya ganda. Utaingia nayo kanisani Krismasi!

Somoe alikuwa mlangoni. Yeye hakucheka. Nikamwambia, nisamehe mwanangu, kumbe ulikuwa umenawa.

Akasema, nilinawa mara nne, Mwalimu. Ile ya kwanza hukuiona.

Nimehamia hapa Januari kutoka Bukoba. Huu ndio msimu wangu wa kwanza wa korosho. Nimesoma vitabu vya magonjwa, vya siasa, vya vita vya watu wa mbali. Na sikumuuliza hata jirani mmoja kwa nini mikono ya watoto imekuwa myeusi ghafla.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mstarini asubuhi nimeinua mikono yangu juu. Mwalimu ni mchafu? Hapanaaa! Hii ni nini? Koroshooo! Nikawaomba radhi wale tisa mbele ya wote. Mwalimu Mkuu akakohoa, hakupenda. Atazoea.

Barua nimechana kurasa nne. Ule wa kujisaidia hauchaniki.

Jumanne, 15 Oktoba

Stoo ya shule. Naandika kwa mkono wa kulia tu, sababu inakuja.

Jesca hajamaliza shikamoo yake nikamwonyesha vidole. Akavitazama. Akamtazama Brian. Brian akatazama kishikwambi. Binti hana kiburi, nakiri. Akasema, basi tuache kutazama, tupime. Ana losheni inayong'aa: mtoto anapakwa, anakwenda kunawa, anaingia stoo gizani, taa ya buluu inammulika. Virusi haionyeshi, inaonyesha pale ambapo sabuni haikufika.

Watoto sitini. Bombani waliimba wimbo wao wa sabuni mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Hamsini na tatu, safi! Somoe aliiweka mikono yake, myeusi kama mkaa – hakuna hata chembe iliyong'aa. Akaigeuza juu, chini, katikati ya vidole. Bila haraka. Brian naye amelinganisha daftari langu na la zahanati: tarehe za wagonjwa ni zilezile. Amesema samahani, kwa sauti ndogo. Nimemwambia airudie.

Ndipo Somoe akauliza, na Mwalimu?

Stoo nzima: Mwalimu! Mwalimu! Nikapakwa, nikanawa, nikaingia. Vidole safi. Chini ya pete ya ndoa – nyota! Kelele zilizopigwa, Danieli kazisikia bandarini. Jesca akajifuta machozi. Mwalimu, sifuri.

Sasa yuko nje anampigia kiongozi wa utafiti Dar, zile alama za macho zifutwe, shule ibaki. Mtandao unakatika. Namsikia: korosho... hapana, KO-RO-SHO. Lori la kubebea tangi limeegeshwa pembeni, dereva ameshashusha kamba za kulifungia, anasubiri jibu.

Pete haijatoka tangu nilipomzaa Glory, miaka kumi na tisa. Mkono wa kushoto uko kwenye beseni la povu. Somoe ameshika sabuni, amekunja uso kama mimi Jumatatu ile. Pete imesogea kidogo. Nimemwambia imetosha, imetakata.

Nawa tena, Mwalimu.