Mlezi Aliyekataa Kufa Jukwaani

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu wanangu wako mbali na wafanyakazi wangu wananiogopa. Mimi ni mjane, nina kiwanda cha barafu Igogo, Mungu amenijalia, na tangu mume wangu Malimi afariki nimekuwa mlezi wa kikundi cha maigizo cha vijana wa Igoma, ngoma nimewanunulia mimi, mavazi mimi, mazoezi wakifanyia uani kwangu Pasiansi na nyumba ikachangamka, basi mwaka huu nikamwomba kiongozi wao, Shigela, anipe nami nafasi, akasema, "Mama, wewe ni mlezi wetu, kaa kiti cha mbele," nikamkumbusha nani anawavalisha, akanipa nafasi ya mama mgonjwa anayekufa mwanzoni kabisa, lakini siku ya onyesho nilipoona ukumbi umejaa na watu wametulia wananisikiliza sikuona sababu ya kufa haraka, nikaendelea kutoa wosia, nikausia kuhusu ndoa, nikausia kuhusu usafi wa mazingira, mpaka Ng'washi, anayeigiza binti yangu, akaninong'oneza na ukumbi mzima ukasikia, "Mama, kufa basi, wenzako tunasubiri," watu wakacheka mpaka mwisho na igizo lilikuwa la huzuni, sasa vijana hawaji tena, Shigela alinipigia simu, "Shikamoo mama, tunakuheshimu, ila mazoezi tumehamishia kanisani, ngoma ukizitaka tutazirudisha," na dereva wangu anasema tukazichukue, je, nizichukue?

Mama Getruda, Pasiansi

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Nimecheka, nikaona aibu, nikacheka tena.

Unauliza habari za ngoma, lakini kinachokuumiza ni huo ua uliobaki kimya. Sasa nisikilize. Wale vijana walihangaika na mazoezi, wewe ukawafanya wasindikizaji wa hotuba yako. Ulimnunulia Ng'washi gauni, hukumnunua yeye. Na ile nafasi hukuipata kwa kipaji, uliidai, na unajua hivyo.

Ngoma waachie. Ukizichukua utapiga na nani, dereva? Huyo na ushauri wake mwache nyumbani, panda bajaji uende kanisani kwenye mazoezi. Usibebe zawadi. Mwombe Ng'washi radhi mbele ya wenzake, na usitaje hata kitu kimoja ulichowahi kuwanunulia. Ukitaka kuigiza, mwombe Shigela akufundishe kama anavyofundisha wengine, akikataa, kubali.

Kisha waambie nyumba imepoa na umewakumbuka. Ukishasema hilo, kaa chini, nyamaza, wakujibu wao.