Kwa Baba Hakuna Maji

Jumatano, Agosti 1966. Homa Bay.

Mvua imeshika tangu adhuhuri. Mwanangu mdogo amelala kifuani, naandika kwa mkono mmoja.

Kesho asubuhi shangazi yake Robi anakuja kumchukua, ampeleke Ntimaru kwa baba yake. Robi, mwanangu mkubwa, ana miaka minane. Ng'ombe wa mahari walifika wote, kwa hiyo ndoa ikivunjika watoto ni wa ukoo wa baba. Wazee wameshasema. Mdogo nimeachiwa mpaka aache kunyonya.

Sina haraka ya kumwachisha.

Wiki nzima namchorea Robi ramani ya mchezo, vita vya zamani vya kunyang'anyana ng'ombe, Wajaluo na Wakuria. Mwenye duka alinipa karatasi ya kufungia sukari, nikaipiga miraba kwa rula. Mraba mmoja ni mwendo wa saa mbili. Njia naijua, niliipita nikiwa bibi harusi, kwingine kwa basi, kwingine kwa miguu: Rodi Kopany, Rongo, Migori, hadi mlimani kwao. Mahindi ni askari wetu Wajaluo, maharagwe ni Wakuria wa kwa baba yake, vijiwe ni ng'ombe. Mto unavukwa kivukoni tu. Askari akikaa zamu tatu bila maji, anatoka.

Leo tulicheza. Robi akachagua maharagwe, akashindwa. Tukarudia, akashindwa. Mama yangu akamtania kwamba watu wa baba yake wanakuja vitani kuota jua. Mara ya tatu nilitaka kumwachia, nikajizuia. Ushindi wa kupewa haumfai huko anakokwenda. Akashindwa tena, akaikodolea macho karatasi.

"Mama, kwa baba hakuna maji."

Nikamwambia wana mto.

"Mto uko mbali. Ile chemchemi ya chini ya mlima umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote. Mimi niliyechota maji pale miaka tisa, ninayelijua hata jiwe la kuwekea mtungi. Ningesema nilisahau, lakini humu daftarini sidanganyi. Nilimkasirikia mwanamume mmoja, nikainyima nchi nzima maji.

Na mtoto ndiye angeibeba ramani hiyo.

Nikaichora chemchemi, na jiwe lake. Kwa kuwa sasa wao wana mlima na maji, upande wetu nikauongezea kivuko cha pili, ambacho kweli kipo. Mchezo wa nne uliisha kila upande umebaki na askari wawili, na mama yangu alikuwa ameacha utani.

Yeye ndiye akasema kwamba zamani, hata vita vikiwaka, wanawake wa pande zote walipita kwenda sokoni, hakuna aliyewagusa. Robi akataka wawepo mchezoni. Tukachukua mbegu mbili za boga, moja kila upande. Sheria nikaiandika pembeni mwa karatasi: huyu anavuka, haguswi.

Kisha nikaenda kumbadilisha mdogo nepi. Niliporudi, Robi alikuwa jikoni kwa bibi yake, na mbegu zote mbili ziko kwenye mraba mmoja, kivukoni.

Sijaziondoa. Nimekaa naziangalia kama mjinga.

Kesho karatasi itakunjwa, nami sitalia mbele ya shangazi yake. Mvua zikipungua nitamfunga mdogo mgongoni niende Ntimaru, nibishe hodi mchana kweupe. Wataniacha nipite?