Chupa ya Mafuta Uliyotuletea

Kaka,

Salamu zako zimefika, pamoja na chupa ya mafuta ya alizeti. Huku paa la jikoni limeezekwa upya, na kuku wa jirani bado wanalala kwetu kama wapangaji.

Miaka yote uliyoyeyusha betri za magari nyuma ya nyumba ya mama, hukuwahi kuinama kuokota hata kipande. Lakini mtaalamu wa udongo alipotushauri tupande alizeti zinyonye yale madini ya risasi yaliyovuja udongoni kutoka kwenye betri zako, ulikuja na suti ukapiga picha katikati ya maua. Mkombozi wa mazingira! Alikwambia mbele yangu, "Zikikomaa zing'olewe na mizizi yake, zikafukiwe mbali. Asile mtu wala mnyama." Ukaitikia kwa kichwa, macho kwenye simu.

Niliporudi na mama kutoka hospitali, nikakuta vichwa vyote vimekatwa, mabua yamesimama uchi. Nikajidanganya kwamba umeanza kazi. Kumbe umevipeleka kukamua! Na kwenye lebo umejibandika sura yako, unatabasamu: "Safi kutoka shambani kwetu." Huna haya hata ya kuazima.

Mama mikono bado inamtetemeka, hata kikombe anashikiwa. Daktari anasema ni risasi hiyo hiyo.

Chupa sijaifungua. Iko kabatini, inakungoja. Ukija nitakukaangia mayai mwenyewe, kisha nitakaa mbele yako mpaka umalize sahani.

Mdogo wako.